Kilomita Laki Tatu

Kabla hajashika spana, fundi mzuri wa Dodoma hutoa ombi moja: gari lilale gerejini, na mtu yeyote asiliwashe mpaka afike. Analitaka asubuhi, likiwa baridi, kabla jua halijapanda juu ya mwarobaini unaoipa gereji yake kivuli. Hufungua boneti, huvuta stiki ya oili, huifuta kwa tambara, huirudisha, huitoa tena na kuitazama kwenye mwanga. Tone la oili hulisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Kisha hufungua kofia ya rejeta, kwa kuwa huo ndio wakati pekee ambao kofia hiyo haiwezi kumwunguza mtu. Ndipo anamgeukia mwenye gari.

"Haya mwalimu, washa."

Halafu anatazama pembeni, kama mtu anayetega sikio kwenye redio ya jirani. Sekunde chache za kwanza za injini baridi humweleza mengi kuliko nusu saa ya kuzunguka mjini. Pistoni zilizolegea hugonga zikiwa baridi na kunyamaza zikishapata moto. Moshi wa bluu unaotoka kidogo kisha ukakatika unasema kwamba sili za valvu zimekauka na oili imedondokea kwenye silinda usiku. Moshi wa bluu usiokatika unataja ringi, na hiyo ni habari nzito zaidi. Mvuke mweupe unaoendelea hata jua likishawaka, wenye harufu tamutamu ya kulanti, unaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Yote hayo fundi huyajua kabla hajafungua nati hata moja.

Asubuhi kama hiyo fundi hajaitwa kutengeneza. Ameitwa kutoa hukumu. Tuseme gari ni Corolla 110, namba A, na dashibodi inaonyesha kilomita 312,000. Halijawahi kumlaza mwenyewe njiani. Sasa linaanza kudai: shokapu za mbele zimechoka, oili inapungua kidogo kati ya sevisi na sevisi, giaboksi inasita kuingiza namba mbili asubuhi. Mwenye gari anataka kujua kama aweke fedha nyingine humo ndani au aliuze sasa, wakati bado lina jina zuri.

Swali hilo linaulizwa Tanzania nzima, lakini kwenye uwanda wa kati linauma zaidi, kwa sababu huku hakuna safari fupi. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kilomita 450 hivi, kupitia Kibaigwa, Gairo na Morogoro. Kwenda Iringa kwa njia ya Mtera, au Babati kwa njia ya Kondoa, ni zaidi ya 250. Singida iko mbali karibu kiasi hichohicho, ukipita Bahi na Manyoni. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, baada ya uamuzi wa mwaka 1973 kukaa muda mrefu bila kukamilika, watumishi wengi walihama na familia zikabaki Dar es Salaam. Mtu aliyekwenda kuiona familia mara mbili kwa mwezi alikula kilomita 1,800 kila mwezi, zaidi ya 21,000 kwa mwaka, kabla hajahesabu safari za kazini, sokoni na misibani. Magari ya Dodoma yamezeeka haraka kwa kilomita, hata yale ambayo umri wake si mkubwa. Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma, Julai 2024, baadhi ya magari hayo yalipumzishwa, na wenyewe wakapata nafasi ya kuliuliza swali hili kwa utulivu.

Laki tatu ni namba ya kutisha kwa anayeitazama kwa macho ya Wajapani. Kwao gari hukaguliwa kwa sheria kali, mara ya kwanza baada ya miaka 3 na baadaye kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Likikaribia kilomita 100,000 thamani yake sokoni huanguka sana, hata kama injini haijawahi kufunguliwa. Kuanguka huko ndiko kunakolileta bandarini Dar es Salaam kwa bei ambayo mwalimu au mwuguzi anaweza kuifikiria. Kinachohesabiwa uzee Yokohama kinahesabiwa ujana Kondoa. Magari mengi yanayotembea barabara za huku yameishi maisha mawili, na hili la pili ndilo refu na gumu zaidi.

Na ni uwanda wenyewe unaoamua jinsi gari linavyozeeka. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, mbali na chumvi ya pwani, na mvua yake ni chache, milimita 570 hivi kwa mwaka. Ukame huo unaowatesa wakulima ni rafiki wa bati. Gari lililokaa miaka 15 Tanga au Unguja huoza kwenye kingo za milango na chini ya mazulia, mahali pasipoonekana mpaka fundi bodi agonge kwa nyundo na nyundo izame. Gari lililokaa miaka hiyohiyo Dodoma rangi yake imepauka na plastiki ya dashibodi imepasuka kwa jua, lakini ukilala chini ukatazama uvungu wake, chuma ni kizima. Anayenunua gari kuukuu angeuliza limeishi wapi kabla hajauliza limetembea kilomita ngapi.

Vumbi nalo lina deni lake. Udongo mwekundu wa Ugogoni una chembechembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha pua. Chembe zikipita filta ya hewa na kuingia kwenye silinda, zinafanya kazi ya msasa: zinasugua ringi, zinasugua ukuta wa silinda, na baada ya miezi kadhaa moshi wa bluu unaanza kuonekana. Ndiyo maana Land Cruiser za hospitali na za hifadhi zilizozunguka vijiji vya huku zimefungwa ule mkonga unaovutia hewa juu ya paa, ambako vumbi ni pungufu. Gari dogo halina mkonga. Lina filta ya karatasi tu, na mwenye gari asiyejali. Fundi anayeijua kazi yake huipuliza filta kwa kompresa kutoka ndani kwenda nje, ili vumbi lirudi lilikotoka, na huikataa ikishachanika au ikishindwa kupitisha mwanga wa tochi. Kifaa hicho cha bei ndogo ndicho kinachoamua kama injini itafika laki nne.

Halafu kuna maji. Katika mwinuko huu maji hayangoji nyuzi 100 ili yachemke. Yanachemka kwenye 96 hivi. Mfumo wa rejeta unayazuia kuchemka kwa kuyabana kwa shinikizo, na kazi hiyo hufanywa na springi ndogo ndani ya kofia ya rejeta. Kofia ikichoka, gari huchemsha kwenye mlima ambao jana lilipanda bila neno. Dereva huongeza maji ya kisima, na maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvichumvi. Kila lita inaacha ukoko kwenye mirija ya rejeta, kama ule unaoonekana ndani ya birika la chai. Mwaka unaofuata rejeta imeziba nusu. Fundi asiye makini, akitafuta njia ya mkato, anaitoa themostati na kuitupa, na kwa wiki chache kila mtu anafurahi kwa sababu mshale wa joto haupandi. Lakini injini isiyofikia joto lake inakula mafuta zaidi, inachafua oili na inalika ndani haraka. Tabia hiyo imeua injini nyingi nzuri katika nchi hii, na inastahili kukemewa kila inapoonekana. Kulanti na themostati mpya ni gharama ndogo mno ukiilinganisha na hedi iliyopinda.

Ustadi huu haukuanzia kwenye magari ya Japani. Mizizi yake iko kwenye miaka ya dhiki. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, Tanzania ilikaukiwa fedha za kigeni. Spea hazikuwapo madukani. Mafuta yalikuwa adimu kiasi kwamba magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Mpaka milango ya uagizaji ilipolegezwa mwaka 1984, Peugeot 404, Land Rover na malori ya Leyland yaliishi kwa mikono ya watu. Bushi zilichongwa kwa mpira wa tairi kuukuu. Gasketi zilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi nene. Viatu vya breki vilivuliwa lainingi iliyokwisha na kugongwa mpya kwa riveti, moja baada ya nyingine. Fundi wa wakati huo hakubadilisha kifaa. Alikitengeneza kifaa chenyewe. Wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, ndio wanaofungua boneti leo, ingawa wengi wao hawajui kwamba ule uzoefu wa kutotupa kitu ulizaliwa na njaa ya spea.

Peugeot 404 hizo hazikuwa magari ya kubahatisha. Zilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo ushindi ulipatikana kwa mikono ya Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Mbio zile zilipita barabara za vumbi na tope, na zilikuwa mtihani wa gari na wa fundi aliyeliandaa. Watu wa umri fulani bado wanasema "Pijo" kwa sauti ya heshima.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote wa kutunza chombo cha chuma katika nchi hii una bomba la moshi na nanga. Meli iliyokuja kuitwa Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku na kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo vipande vyake vilipanda reli ya kati, vikapita stesheni ya Dodoma, vikashushwa Kigoma na kuunganishwa upya, na meli ikaingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani, wakirudi nyuma mbele ya majeshi ya Wabelgiji na Waingereza, waliamua kuizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito. Meli ilikaa chini ya Ziwa Tanganyika karibu miaka 8. Ilipoinuliwa mwaka 1924, injini zile zilikuwa bado zinafaa kutengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza tena kubeba abiria. Injini zake za mvuke zilitolewa katika miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli, na hakuna abiria wa Kigoma aliyesema kwamba hiyo ni meli nyingine.

Watu walioipaka grisi meli waliyokuwa wakiizamisha walikuwa na adabu ya kazi ambayo ni vigumu kuieleza kwa hesabu. Hawakuwa na hakika kwamba wangerudi. Walifanya tu kile ambacho chuma kinastahili kufanyiwa.

Hesabu hata hivyo lazima ifanyike, na mwenye Corolla hana budi kuikabili. Tuseme fundi amemwambia kwamba shokapu, ringi, sili na kazi yote vitakula shilingi milioni 2. Gari jingine la mtumba la daraja lake, likishatoka bandarini, tuliweke kwenye milioni 15. Akiuza hili la zamani kwa milioni 4, atalazimika kuongeza 11. Fedha hizo zingetosha matengenezo makubwa kama haya mara tano, na chenji ikabaki. Milioni 2 zikigawanywa kwa miaka 4 ni chini ya shilingi 42,000 kwa mwezi. Mwenye mshahara anaijua thamani ya tofauti hiyo, hasa Januari, ada za shule zinapodai.

Kodi nazo zinasukuma kulekule. Gari likiingia nchini hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, na juu yake VAT ya asilimia 18, pamoja na tozo nyingine. Kwa miaka mingi gari lenye zaidi ya miaka 10 limebeba pia ushuru wa nyongeza wa asilimia 30 kwa sababu ya uzee wake. Kenya iliamua kuzuia kabisa magari yaliyozidi miaka 8; Tanzania ikaacha mlango wazi, lakini ikaweka bei kwenye kizingiti. Anayelitunza gari ambalo tayari liko ndani ya nchi ameshavuka kizingiti hicho. Na tangu mwaka wa fedha 2017/18, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na mzigo wake kuhamishiwa kwenye lita ya mafuta, gari lisilotembea sana halimgharimu mwenyewe ada ya kukaa tu uani.

Wapo wanaosema gari kuukuu linakula fedha kidogokidogo mpaka mtu hajui amemaliza ngapi. Wanasema kweli, pale ambapo mwenye gari hana daftari. Tiba yake ni daftari la shule la kurasa 48, lenye safu ya tarehe, kilomita, kilichofanywa na fedha iliyotoka. Baada ya mwaka mmoja linasema ukweli ambao hisia haziwezi kuusema. Linaonyesha kwamba mpira wa rejeta ulibadilishwa mara tatu ndani ya miezi saba, kwa hiyo tatizo haliko kwenye mpira. Linaonyesha kwamba taiming belti ilifungwa kwenye kilomita 214,000, kwa hiyo ilipofika 312,000 zamu yake ilikuwa imewadia, maana belti za injini kama hizi hupewa kilomita 100,000. Fundi akikabidhiwa daftari la namna hiyo hubadilika sura. Anajua anazungumza na mtu anayejua anachomiliki.

Na hapo ndipo sababu kubwa ya kulitunza gari la kilomita nyingi inapojitokeza. Namba kwenye dashibodi ya gari la kununua ni maneno ya muuzaji. Inaweza kurudishwa nyuma, na inarudishwa, na hakuna mnunuzi wa magari ya mtumba ambaye hajawahi kusikia kisa. Anayenunua gari linalosema 90,000 anashauriwa atazame mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani, upande wa kiti cha dereva unaosuguliwa kila anapopanda na kushuka, kisha ajiulize kama kilomita 90,000 zinaweza kula hivyo. Dhidi ya gari hilo kuna hili la zamani, ambalo laki tatu zake ni za kweli kwa sababu mwenyewe alikuwapo zikitembea. Anajua liliwahi kuchemsha lini. Anajua ni gurudumu lipi liliingia shimoni na siku hiyo alikuwa na nani garini. Gari linalojulikana kwa kilomita 312,000 lina siri chache kuliko geni la 90,000, na kwa mtu anayesafiri usiku kati ya Gairo na Kibaigwa akiwa na watoto wamelala kiti cha nyuma, uchache huo wa siri una thamani inayozidi rangi mpya.

Irv Gordon, mwalimu wa Marekani, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966. Mwaka 2013 gari hilohilo lilitimiza maili milioni 3, sawa na zaidi ya kilomita milioni 4.8. Lilikuwa la kawaida, halikuundwa kwa mashindano. Alilimwagia oili kwa wakati na kulipeleka kwa fundi kabla halijaharibika, na aliendelea kuliendesha karibu mpaka kifo chake mwaka 2018. Dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliifikisha Mercedes 240D yake kilomita milioni 4.6, injini zikibadilishwa mara kadhaa, na mwaka 2004 kiwanda kikaichukua kwa ajili ya makumbusho. Mwalimu mwenye Corolla akiwasikia hao wawili, 312,000 zake zinarudi kuwa mwanzo wa safari.

Si kila gari linastahili huruma hiyo. Chasisi iliyopasuka na kulehemiwa, ikapasuka tena pembeni ya weldi, imeshasema neno lake la mwisho. Gari lililopinduka likanyooshwa bodi, ambalo usukani wake hauachi kuvuta upande mmoja hata baada ya boljointi na tairodi mpya, halifai tena kubeba watu. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo haiwezi kulibadilisha. Matairi yenyewe yana cheti chao cha kuzaliwa ubavuni, tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwenye jua la Dodoma tairi kuukuu hupasuka kabla kashata zake hazijaisha, na anayebana matumizi hapo anabana mahali pabaya. Breki, matairi na usukani havingoji mshahara. Gari ambalo mwenyewe hawezi kuvigharimia hivyo vitatu liegeshwe, hata kama injini yake inaimba.

Fundi anayeweza kusema "mwalimu, hili tuliache" anajinyima mteja, na ndiyo maana neno hilo halisikiki mara nyingi. Anayelisema kwa wakati wake ndiye fundi wa kushikamana naye miaka 20. Gari likishaachwa nalo halifi mara moja. Milango yake inakwenda Singida, altaneta Manyoni, giaboksi inalala chini ya benchi ya gereji ikisubiri Corolla nyingine yenye shida ileile. Wenye magari wanaojua wanatafuta spea kama hizo, zilizotoka kwenye gari ambalo fundi analifahamu, kuliko ile ya dukani iliyopakiwa vizuri kwenye boksi lenye jina la kiwanda kikubwa na herufi moja iliyokosewa.

Ufundi wa magari huku umegawanyika kama kijiji. Yupo fundi umeme, ambaye hagusi giaboksi. Yupo fundi rejeta mwenye mtungi wa gesi na risasi ya kulehemu, anayeziba tundu dogo kuliko punje ya mtama. Yupo fundi wa pampu na nozeli, na huyo ndiye mfalme wa Land Cruiser mkonga, kwa sababu injini ya 1HZ, ya lita 4.2 na silinda 6, iliyoanza kufungwa kwenye magari hayo mwaka 1990, haitawaliwi na kompyuta. Inataka mtu anayeelewa jinsi dizeli inavyosukumwa. Mwenye gari mwenye busara anawajua wote hao kwa majina na simu zao. Mwenye haraka anaangukia kwa kishoka anayedai kuweza kila kitu, na gari zuri linauawa hapo, kwa nati iliyokazwa kwa nguvu badala ya kipimo.

Magari ya sasa yanakuja na sensa kila kona, na vijana wa gereji wanaunganisha mashine ya kupimia kabla hawajafungua boneti. Hakuna ubaya. Taa ya cheki injini ina lugha yake, na ni ujinga kukataa kuisoma. Ila mashine husoma kile ambacho sensa imekiona, na bushi iliyokufa haina sensa. Mkufunzi wa VETA anayemfundisha binti au kijana kusoma namba za hitilafu amfundishe pia kutega sikio asubuhi, injini ikiwa baridi, na kuijua harufu ya oili iliyochomeka. Vipo vyuo, na upo utaratibu wa VETA wa kumpima na kumtambua kwa cheti fundi aliyejifunzia mtaani. Mafundi wengi wa chini ya miti hawajaufuata, na wangefaa kuufuata. Kazi yao ina hadhi ya kutosha kuandikwa kwenye karatasi.

Wagogo waliojenga tembe walijua umuhimu wa matunzo kabla gari la kwanza halijafika Dodoma. Paa la tembe ni udongo uliotandazwa juu ya miti, na udongo huo hauvumilii masika mawili bila mkono wa mtu. Kila mwaka, kiangazi kikiwa kinaisha, nyufa huzibwa, udongo mpya hupandishwa na kushindiliwa. Nyumba iliyofanyiwa hivyo imewalea wajukuu. Iliyopuuzwa msimu mmoja huvuja, na ikivuja, miti ya chini huoza kimyakimya.

Mwalimu wa mfano wetu, kwa hali ya gari lake, alitengeneze. Bodi ni zima, chasisi ni nyoofu, moshi wa bluu unakatika baada ya kuwasha, na historia yake yote iko kichwani mwake. Aanze na shokapu na taiming belti, afuatie sili za valvu, na ringi aziache mpaka oili ianze kupungua zaidi ya lita moja kila kilomita 1,000. Kwenye giaboksi amwage oili ya zamani kwanza kabla hajakubali kuifungua. Na wewe msomaji uliye na gari la aina hiyo uani: mvua za Dodoma huanza Desemba. Kabla ya hapo badilisha waipa, soma tarakimu nne za kila tairi, jaza kulanti badala ya maji ya kisima, nunua daftari, na uandike kwenye ukurasa wa kwanza kilomita zilizopo leo.